Ficheni Karata, Sheria Iwekeni Mezani

Wapo wanaoniambia kwamba mchezo wa mapigano usio na siri ni kama mchuzi bila chumvi. "Nani alikukataza kujua?" ndiyo hoja yao kubwa. Ati aliyekwisha kufahamu kilichofichwa ashinde, na mwingine shauri yake. Mimi nasema hoja hiyo ni mbovu, na nitaipinga kwa mchezo ambao vijana wengi wanaujua: Pokémon.

Msingi wake ni mzuri, ndugu msomaji. Pigo la maji linamuumiza kiumbe wa moto maradufu. Pigo la moto likienda kwa kiumbe wa maji, linauma nusu tu. Umeme ukimpiga kiumbe wa ardhi, sifuri. Mtoto anaelewa hayo bila mwalimu. Maji kushinda moto si dhuluma. Dhuluma inaanza pale nguvu ya mtu inapokaa chini ya meza.

Tazama toleo la kwanza, lililotoka Japani mwaka 1996. Ndani ya mchezo wenyewe unaambiwa kwamba viumbe wa nguvu za akili wanaogopa mizimu. Haya, unampeleka mzimu wako. Wapi! Hesabu iliyofichwa ndani ya programu ilisema pigo la aina ya mzimu haliwadhuru hata chembe. Wakatamba kweli kweli, mpaka toleo la 1999 liliporekebisha hesabu hiyo na kuongeza aina mbili mpya, giza na chuma.

Lakini toleo hilohilo likaleta pigo liitwalo Hidden Power. Liwe la moto, la barafu au la umeme, ilitegemea namba alizozaliwa nazo kiumbe, ambazo skrini haikuzionyesha. Kuanzia toleo la 2002, kila kiumbe alikuwa na namba sita za namna hiyo, kila moja kati ya 0 na 31. Chukua wawili wa jina moja, waliolelewa sawasawa mpaka daraja la 100: mmoja aweza kumzidi mwenzake mbio kwa pointi 31 kwa sababu ya kuzaliwa tu. Mwaka 2006 mapigano ya intaneti yakaingia, na siri hizo zikakutanisha watu wa dunia nzima.

Nani alifaidi? Aliyekuwa na saa za kuangua mayai mamia kwa mamia, na aliyeweza kukaa kwenye intaneti akisoma majedwali ya Kiingereza. Asiye na vitu hivyo akaitwa mjinga. Hapo ndipo damu inaponichemka! Huyo hakushindwa akili, alinyimwa kitabu cha sheria.

Tutofautishe mambo. Kwenye karata nakuficha mkono wangu, na hiyo ni halali, maana wote tunajua turufu ni ipi. Kwenye bao kete zote zi machoni pa watu, na bado bingwa ni bingwa. Hata mimi ninayehangaika na riwaya yangu ya kwanza najua: muuaji nitamficha, lakini dalili lazima nimpe msomaji. Nisipompa, nimemwibia.

Na watengenezaji wenyewe wameanza kukubali. Mwaka 2016 skrini ilianza kukuonyesha kama pigo lako litamfaa kiumbe uliyekwisha kukutana naye. Mwaka 2019 Hidden Power ikaondolewa. Toleo la 2022 likaruhusu kiumbe kubadili aina yake katikati ya pambano. Lakini katika mashindano makubwa rasmi ya 2023 wachezaji walipeana orodha za vikosi vyao, aina hiyo ikiwemo. Je, ustadi ulikufa? Hata! Lini atabadili, na nani, bado ulipaswa kukisia mwenyewe.

Basi kila mtengenezaji wa michezo ya mapigano aweke wazi majedwali na namba zote kabla ya pambano. Kinachobaki siri kiwe uamuzi wa mchezaji. Anayepinga ashike kalamu anijibu. Kurasa hizi si zangu peke yangu.