Akiba Hii Inaoza

"Data hizi ni zetu. Tumezitolea jasho, tukizitoa tutaibiwa." Kauli hii imekuwa kama dua katika ofisi zetu za utafiti. Utaisikia kwa daktari wa malaria, kwa mtaalamu wa udongo, kwa mhandisi wa maji, hata kwa mwanafunzi wa uzamili aliyezunguka vijijini miezi sita na kishikwambi mkononi. Wanaoisema si watu wabaya, na jasho lao ni la kweli. Lakini imani yenyewe ni potofu, na gharama yake hawailipi wao. Wanailipa wanavijiji waliojibu maswali yao.

Segera inajulikana na kila msafiri wa kaskazini. Hapo ndipo barabara inayotoka Chalinze inapogawanyika: huyu anashika ya Tanga, yule anakwenda Korogwe, Moshi na Arusha. Kiutawala Segera ni ya Handeni, lakini Korogwe iko jirani kabisa. Watafiti nao hupita katika vijiji vya ukanda huu kwa njia zao mbalimbali. Mmoja anatoboa vidole vya watoto kutafuta vimelea vya malaria. Mwingine anataka kujua shamba limetoa mahindi kiasi gani. Wa tatu anauliza kisima kiko umbali gani. Kila mmoja anaanza upya: mkuu wa kaya ni nani, watoto wangapi, ng'ombe wangapi. Mama anajibu kwa subira ileile. Majibu yakishaondoka kijijini hugawanyika kama mabasi ya Segera, kila moja na njia yake, wala hayakutani tena.

Tuangalie hasara yake kwa mfano wa mbu. Katika kijiji kimoja cha tambarare wilayani Korogwe, watoto na vijana waliokutwa na vimelea vya malaria walipungua kutoka asilimia 78.4 mwaka 2003 hadi asilimia 13 mwaka 2008. Watafiti wa Tanzania na Denmark waliokuwa wakitega mbu katika vijiji vya Mkoa wa Tanga waliona jambo la kushangaza zaidi: mwaka 2004 mitego yao ilinasa mbu wa malaria zaidi ya 5,000, na mwaka 2009 ilinasa 14 tu. Kumbuka kwamba vijijini humo hapakuwa na kampeni ya kuwaangamiza mbu. Walipozilinganisha hesabu za mbu na hesabu za mvua, waligundua kwamba mabadiliko ya mvua yanaeleza sehemu tu ya anguko hilo. Sehemu iliyobaki ilibaki kuwa swali.

Swali hilo mtaalamu wa malaria hawezi kulijibu akiwa amejifungia chumbani kwake, kwa sababu mbu hana idara. Anazaliwa kwenye dimbwi, na dimbwi ni la mtu wa maji. Anakufa kwa dawa iliyopuliziwa mazao, na dawa hiyo ni ya mtu wa kilimo. Kivuli chake ni cha mtu wa misitu. Aina moja ya mbu wa malaria, Anopheles arabiensis, hunywa damu ya ng'ombe kama anywavyo ya binadamu, na ng'ombe ni wa mtu wa mifugo. Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, Handeni, zikiwa na mifugo yao. Mabadiliko ya namna hiyo yanagusa malisho, maji, magonjwa ya kupe na malaria kwa pamoja. Atakayetaka kuyaelewa atahitaji hesabu za fani nne au tano ziwekwe mezani siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Watetezi wa kuzifungia data kwa kufuli watasema akiba haiozi. Anayesema hivyo hajapata kufungua kompyuta ya mradi uliokwisha. Data huoza, tena haraka kuliko mahindi ghalani. Flashi inakufa. Laptopu inaibwa. Nywila inaondoka na mtu aliyepata kazi kwingine. Programu iliyoandika faili inapitwa na wakati. Ufadhili ukikoma, gari linarudishwa, ofisi inafungwa, na damu ya watoto mia kadhaa, iliyokwisha kugeuzwa namba, inabaki kwenye droo ambayo hakuna anayeikumbuka.

Na kuhusu huo wizi tunaouogopa, tuambiane ukweli. Mara nyingi mshirika wa ng'ambo ana nakala kamili tangu siku ya kwanza. Imetunzwa kwenye seva ya chuo chake, na yuko mtu anayelipwa mshahara kuiangalia. Aliyefungiwa nje ni mtafiti wa udongo wa kituo cha Mlingano, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, afisa afya wa halmashauri. Kufuli letu halimzuii mgeni, linamzuia jirani. Tukiulizwa miaka kumi baadaye, sisi ndio tunaoandika barua pepe Ulaya kuomba data za vijiji vyetu wenyewe.

Lakini kufungua mlango peke yake hakutoshi, maana data isiyo na maelezo ni sawa na chupa ya dawa iliyobanduka karatasi. Kule Amani, juu ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Mimea iliyokaushwa na kutunzwa pale ilipita mikononi mwa serikali tofauti, na mwaka 1950 hifadhi hiyo ilihamishiwa Nairobi. Mtaalamu wa leo bado anaisoma, kwa sababu kila karatasi ina lebo: nani aliuchuma mmea, wapi, na tarehe gani. Sasa fungua faili la Excel la mwaka 2008 na utafute safu iliyoandikwa "v17b". Ndani yake kuna 1, 2 na 9. Je, 9 ni watoto tisa, au maana yake mhojiwa hakujibu? Aliyejua amestaafu. Jani lililokaushwa zaidi ya miaka mia iliyopita linazungumza, na faili la juzi limekuwa bubu.

Tatizo hilo huwa kubwa zaidi fani zinapokutana. Kilindi ilimegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Kwa hiyo "Handeni" ya takwimu za 1998 si "Handeni" ya sensa ya 2012, na anayezilinganisha bila kujua atatangaza kupungua kwa ugonjwa, au kwa mavuno, ambako hakukutokea. Mtu wa kilimo anaandika "gunia 8". Gunia la kilo 100, au lumbesa? Mwenye data anajua, jirani yake hajui, na jirani hana mahali pa kuuliza.

Hofu ya wenzangu ina sababu, nami siipuuzi. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliutangazia ulimwengu aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, na shukrani waliyopata ni nchi zao kufungiwa safari za ndege. Wako pia wageni wanaotua, wanachota na kuchapisha bila jina la mwenyeji hata mmoja. Zaidi ya hayo, majibu ya maabara ya mtu si ya kuanikwa sokoni, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Haya yote ni kweli. Lakini dawa yake ni kanuni: majina yaondolewe, mahali nyumba ilipo pasitajwe kwa usahihi wa kumtambulisha mtu, anayeomba aeleze anataka kufanyia nini, na anayetumia amtaje aliyekusanya. Kanuni inajua nani aingie na kwa sharti gani. Kufuli halijui.

Ushahidi kwamba inawezekana uko Korogwe penyewe. Majaribio ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009, yalifanyika katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na watoto 15,460 walishiriki. Korogwe na Bagamoyo vilikuwa vituo vya Tanzania. Fomu zilikuwa za aina moja na vipimo vya aina moja, na utaratibu uliandikwa kabla ya sindano ya kwanza. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto. Kama kila kituo kingekumbatia hesabu zake na kusema "hizi ni zetu", pasingekuwa na jibu. Waliounganisha hesabu zao walikuwa watu wa fani moja. Kilichobaki ni kufanya vivyo hivyo kati ya fani na fani.

Kazi hiyo ina wenyewe. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndiyo inayotoa vibali vya utafiti. Kibali kisitoke mpaka mtafiti aseme data zitakaa wapi nchini, nani atazitunza mradi ukiisha, na lini wengine wataruhusiwa kuzitumia. Na akimaliza, aulizwe. Vyuo vikuu vinapompandisha mhadhiri cheo, vihesabu data alizoziandaa vizuri kama vinavyohesabu makala. Mfadhili anayenunua magari alipe pia mshahara wa mtunza data. Na watafiti wa fani zote wakubaliane juu ya mambo machache tu: msimbo mmoja wa kijiji, tarehe kwa mpangilio mmoja, mavuno kwa kilo, na lebo kwa kila safu.

Yule mama wa Segera alipomshika mwanawe mkono ili atobolewe kidole, hakusema damu ile ni ya idara ya malaria peke yake. Aliitoa ili watoto waache kufa. Data hizo zilikuwa zake kabla hazijawa zetu, na hatuna haki ya kuziacha zioze.