Chama cha miti kinatuhitaji mwezi wa nane, si mwezi wa kumi na mbili tu



Kila mwaka, tarehe 5 Desemba, inchi yetu inafanya Siku ya Taifa ya Mti. Siku hiyo watu wanakuja kwa wingi. Wakubwa wanashika jembe, watoto wa masomo wanaimba, picha zinapigwa, na miche inatiwa udongoni. Ni jambo jema, na ukurasa huu hauna neno baya juu yake. Mvua imekwisha kuanza, udongo ni laini, na huo ndio wakati unaofaa wa kupanda.

Lakini tuulize jambo moja. Mwezi wa nane, wakati majani yote yamekauka na moto unatembea porini usiku na mchana, nani anakwenda kuangalia miche ile? Mara nyingi ni watu watano au sita wa chama kidogo cha kartie, wasiolipwa franga hata moja, wenye ndoo mbili na panga moja. Watu hao ndio tunataka kuwasemea leo. Mawazo yetu ni haya: mtumikaji wa mgodi anayetaka kusaidia chama cha kulinda mazingira awape siku zake za kiangazi kwanza. Siku ya sherehe haikosi watu.

Kwa nini ukurasa wa usalama na afya unaingia katika mambo ya miti? Kwa sababu vumbi halisomi kibao cha mlangoni. Linatoka kazini, linavuka ukuta, linafika katika sahani ya bukari. Mwaka 2009 waganga na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda, chini ya kilometa 3, walikuwa na kobalti, risasi, urani na madini mengine kupita wale waliokaa mbali. Uchunguzi mwingine uliotoka mwaka 2014 ulitafuta njia ambayo kobalti inapitia kuingia mwilini. Kwa watu wazima, njia kubwa ni chakula, na zaidi mboga za majani zinazolimwa hapa hapa. Kwa watoto wadogo, vumbi linahesabika sana, maana mtoto anacheza chini, kisha anatia mikono kinywani.

Mama anayeosha lengalenga mara tatu kabla ya kupika anafanya vizuri, na aendelee. Maji yanaondoa vumbi lililo juu ya jani. Madini yaliyopanda kwa njia ya mizizi hayaoshwi. Dawa yake ni kufanya udongo usiruke, na kutolima mboga pahali palipochafuka. Kufunika udongo ni kazi ya majani na miti, na hapo ndipo chama cha mazingira na idara ya usalama wanakutana.

Watu wa Lubumbashi wanakijua kilima cha Penga Penga. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulipeleka moshi wake upande mmoja. Upande huo pori lilikufa, udongo ukageuka kuwa mchungu wenye shaba nyingi, ukabaki uchi. Miche ya kawaida ukiitia pale, inakufa. Wengi walisema basi, pahali pale pamekwisha. Profesa Mylor Ngoy Shutcha wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake hawakukubali. Walichukua nyasi za kwetu, zile zinazoota zenyewe juu ya vilima vya shaba, wakazijaribu kwa kuongeza chokaa na mbolea ya takataka zilizooza. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 2010, na mwaka 2015 wakatoa habari za majaribio ya miaka 3. Nyasi moja ndogo, Microchloa kunthii, ilishika. Si nzuri kwa macho, mbuzi hataisifu, lakini inafunika udongo na kuuzuia kuruka.

Tuangalie vizuri ni vitu gani vilihitajiwa pale: chokaa, mbolea, mikono, na uvumilivu wa miaka 3. Hakuna mashini kubwa katika hesabu hiyo. Chama cha kartie kinaweza kufanya kazi ya namna hii, mradi kiongozwe na mtu anayejua, na mradi watu wasikimbie baada ya juma la kwanza.

Sasa turudi kwenye moto, maana hapo ndipo miche mingi inapotea. Pori letu la miombo lina nguvu ya ajabu. Ukikata mti, shina linatoa machipukizi tena. Watu wa makala wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Kinachoua pori ni kukata na kuchoma bila kupumzika, na zaidi moto wa mwisho wa kiangazi. Mwezi wa tano na wa sita majani bado yana maji kidogo. Moto unapita chini chini, unakufa wenyewe usiku. Mwezi wa nane na wa tisa kila kitu ni kikavu, na wakati huo huo miti yetu inaanza kutoa majani mapya kabla ya mvua. Moto ukifika hapo, machipukizi yanateketea yote.

Hayo si maneno ya wazee tu. Ng'ambo ya mpaka, huko Ndola, tokea mwaka 1933 walitenga vipande vya pori kwa kujaribu. Kipande kimoja walikizuia kabisa na moto, kingine wakakichoma mapema, kingine wakakichoma mwisho wa kiangazi. Mtaalamu Trapnell alitangaza matokeo mwaka 1959. Palipochomwa mwishoni kila mwaka, miti iliondoka, yakabaki majani matupu. Palipochomwa mapema, pori lilibaki pori. Tena bowa na vinkubala vya wakati wa mvua vinatoka katika pori hilo hilo. Pori likiondoka, hayo nayo yanaondoka sahanini, na gunia la makala linatoka mbali zaidi, kwa bei ya mwendo wake.

Kwa hiyo chama kinachojua kazi yake kinakata njia ya moto kuzunguka shamba la miche mwezi wa tano: mita chache za udongo safi, bila jani. Kisha kinaweka watu wa kulinda mpaka mvua inyeshe. Ni kazi ya kuchosha, haina ngoma wala picha. Siku mbili za posho kwa mwezi, kutoka kwa watumikaji kumi, zingeokoa kazi yote ya Desemba.

Wengine watajibu: hii ni salongo inarudi. Wazee wanakumbuka salongo ya miaka ya 1970, wakati kazi ya bure ilikuwa amri, na asiyefika aliogopa. Tunaelewa moyo wao. Kazi ya kujitolea si hiyo. Hakuna karatasi ya kuitwa majina, hakuna malipizi, na mtu akisema juma hili nimechoka, aachwe apumzike. Tunasema wazi pia kwa wakubwa wa sehemu: msimhesabie mtumikaji mahuzurio ya shambani. Siku mtakayoanza kufanya hivyo, mtakuwa mmeua kazi ya kujitolea.

Neno la pili tunalosikia ni zito zaidi: kampani ndiyo inayochimba, basi kampani isafishe. Ni kweli, na sheria inasema hivyo. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyogeuzwa tarehe 9 Machi 2018, inaweka juu ya kampani mzigo wa kutengeneza mazingira. Tena inadai asilimia 0.3 ya mauzo ya mwaka, ndiyo kusema franga 3 katika kila franga 1000, kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Kupanda miti siku ya posho hakufuti deni hilo hata kidogo, na mtu yeyote asije akawaambia kwamba linafuta. Lakini ona upande mwingine. Wakati watu wa kartie wanapoketi na kampani kuandika mapatano, ni nani atajua kusema mto gani umekauka, shimo gani linatoa vumbi, shamba gani la shule linahitaji udongo mpya? Ni wale waliotembea huko na jembe mkononi. Chama chenye watu na chenye daftari kinasikilizwa. Mtu mmoja anayelalamika kwenye nganda ya pombe, hata akiwa na haki, hasikilizwi.

Juu ya daftari, tuseme neno kwa wale wanaotoa franga. Vyama visivyotafuta faida vinaongozwa na sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001. Chama cha kweli kina kanuni zake zilizoandikwa, kina barua zake, na hakichukii kuulizwa. Katika Lubumbashi kuna vyama vinavyojulikana, kama Premicongo, ambayo jina lake lenyewe linataja ulinzi wa pori la miombo. Kwa vile vidogo vya kartie, uliza tu: miche mingapi ilipandwa mwaka jana, mingapi inaishi leo? Anayejibu «elfu tano» kwa swali la kwanza, na kunyamaza kwa la pili, ngoja kidogo kabla ya kufungua mfuko. Anayekwambia «tulipanda 200, zimebaki 90, nyingine moto ulichukua», huyo anahesabu. Msaidie huyo.

Na msaada si franga tu. Tuna kati yetu masudeli, mafundi wa maji, waandishi wa hesabu, watu waliofundishwa kumhudumia aliyeumia. Chama kidogo hakina hata mmoja wa hao. Fundi anayetengeneza pampu ya kisima kwa saa mbili amefanya kuliko ndoo mia. Ndugu zetu wa pensioni wanaweza kukaa kwenye kitalu asubuhi, na wengi wanatamani kazi ya kushika mikononi.

Kwa kuwa huu ni ukurasa wa usalama, hatuwezi kuwaacha mwende shambani bila onyo. Nguo za mgodi zibaki mgodini. Usiende nazo kwenye kitalu ambapo watoto wanajaza udongo katika vifuko. Usichukue mapipa matupu ya asidi, ya zantati au ya dawa nyingine za kiwanda kwa kuwekea maji ya miche, hata kama yameoshwa, hata kama aliyekupa ni rafiki. Mwisho wake mtu atakunywa maji yale. Udongo wa kujaza vifuko usitoke kwenye lundo la takataka za mgodi. Shambani vaa viatu vya kazi na ganti, maana nyoka wanapenda majani makavu, na panga limekata miguu mingi. Anayetoka kazi ya usiku alale kwanza. Mtu aliyechoka hapewi panga, wala hapewi kiberiti siku ya kuchoma mapema. Kuchoma huko kufanywe asubuhi bila upepo, shefu wa kartie akijua, na watu wa kutosha wakiwa na matawi mabichi na maji.

Miche ya Desemba iliyopita iko pale. Anayetaka kujua hali yake amwulize shefu wa kartie yake ni chama gani kinaiangalia, na lini wanakata njia ya moto.