Injini ya Rota Isionewe

Hapa Chekereni watu hucheka Mazda RX-8 kuukuu ya mjomba wangu, wakisema injini yake isiyo na pistoni ing'olewe, itiwe ya Toyota. Alikaribia kuuza mpunga wa msimu mzima kwa ajili hiyo. Mimi sikubali. Injini ya namna hii ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991! Kosa ni letu. Kwa maumbile yake hula oili kidogo kidogo ili kulainisha ncha za rota, nasi twangoja taa iwake. Sasa mjomba hupima oili kila atiapo petroli; amebadili koili, akasafisha rejeta iliyozibwa na vumbi. Wala haizimi injini ikiwa bado baridi, kwani petroli hulowesha plagi. Mpunga ungali ghalani.