JIKONI MWETU: Mukate wa jana si takataka

Mwezi huu tukae kidogo karibu na mbabula, tuongee juu ya mukate.

Zamani wazee wetu walipewa posho ya unga na kampuni. Leo nyumba nyingi, Likasi, Kolwezi ama Lubumbashi, zinanunua chakula kwa franka, siku kwa siku. Tena asubuhi mtoto anashika kipande cha jana: « Mama, mukate iko nguvu, tutupe? » Mama anatupa. Watoto wanaenda masomo na chai tupu ndani ya tumbo. Ikifika saa ine, hawasikii tena mwalimu, ni njaa tu njo inafundisha.

Ndugu, mukate mgumu haujaoza. Umekazana tu, na ukipata moto unalainika tena. Basi tuuchome, tuupake majani na kalanga.

Kwa watu 5, tafuta:
– vipande 10 vya mukate, unene wa kidole;
– kikombe 1 cha kalanga zilizokaangwa;
– majani ya matungulu na seleri, kila moja kafungu kadogo;
– punje 2 za kitunguu saumu;
– vijiko 3 vya mafuta, maji ya nusu ndimu, na chumvi kidogo.

Chagua kalanga kwanza. Ile nyeusi ama yenye ukungu, tupa. Twanga kalanga ndani ya kinu mpaka zilainike. Twanga pia majani, kitunguu saumu na chumvi, kisha changanya vyote na mafuta na ndimu. Weka mukate juu ya makala mekundu, yasiyotoa tena moshi, dakika 1 ama 2 kila upande. Paka nyuma ya kuchoma, hapana mbele, maana majani yakiungua yanakuwa machungu.

Sasa mama na baba, shikeni mambo haya mane:

1. Mukate wenye ukungu si mukate mgumu. Huo utupe wote. Kukata pale penye ukungu hakutoshi, umekwisha kuingia ndani, na moto hauondoi sumu yake.

2. Mbabula ikae inje. Hewa mbaya ya makala haina harufu, na imeua watu usiku ndani ya nyumba zilizofungwa.

3. Osha majani mara 3 kwa maji safi. Mwaka 2009 wataalam, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda wana kobalti nyingi mwilini. Vumbi ile inaanguka pia juu ya mboga. Lakini kuosha hakutoi kile mzizi umekwisha kunywa. Ukiweza, panda seleri yako ndani ya mfuko, na udongo uliotoka mbali na machimbo.

4. Tengeneza ya kula siku ile ile. Kitunguu saumu ndani ya mafuta kikilala bila frigo kinaweza kuleta sumu, hata kama harufu ni nzuri.

Na ninyi vijana wanaume, musiseme: « Hiyo ni kazi ya ba mama. » Anayeweza kubeba mfuko wa makala anaweza pia kugeuza mukate. Jumamosi moja, mwache mama akae, wewe umupe sahani.

Bwana Yesu alilisha watu elfu tano, na watu waliposhiba akaagiza vipande vikusanywe, kisipotee kitu (Yohana 6). Aliyeweza kuzidisha mikate hakudharau mabaki. Sisi tusioweza kuzidisha, tutadharau namna gani?

Kwa kuongea nyumbani: juma hili tulitupa nini ambacho kingeweza kushibisha mtu?

Mpaka mwezi ujao, Mungu abariki meza yenu.