Boila, Baridi na Mama Mgeni

Majira ya baridi ya Ulaya hayapiti bila simu za jamaa zetu waishio Uingereza, na mara nyingi huja na udhuru: mwezi huu hatutatuma kitu, bili ya gesi imetumaliza. Juma lililopita ilitufikia habari ya nyumba moja ya Leicester iliyompokea mama kutoka Unguja. Kijana wake huzima boila kila aendapo kazini ili apunguze gharama. Mama hushinda amejifunga kanga juu ya koti, na kwa staha yake hasemi neno. Tuliombwa rai, tukaona kwanza tukijue chombo chenyewe.

Boila hupasha maji kwa gesi, yakapita kwenye radieta, vile vyuma bapa vya ukutani, kisha yakarejea. Gesi iunguapo huzaa mvuke uliobeba joto jingi. Mpishi aliyefunua sufuria ya wali ukamuunguza mkono anafahamu tusemalo. Boila za kisasa zimeundwa ziunase mvuke huo, ugeuke matone na kuliacha joto lake ndani. Lakini haugeuki mpaka ukutane na ubaridi: maji yanayorejea hayana budi kuwa chini ya nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Boila ikitegwa kutoa maji ya nyuzi 80, nayo yakarejea na 60, hazina ile hutoka na bomba la moshi. Mtu amenunua boila ya kunasa mvuke, na mvuke haunaswi!

Themostati ya zamani ina maneno mawili tu: washa, zima. Yenye akili hupima pengo baina ya joto la chumba na joto litakiwalo, ikaiagiza boila ishushe moto pengo linapopungua, maji yakaenda na nyuzi 50 au chini yake. Nyingine hutazama hali ya hewa ya nje. Tangu Aprili 2018, kanuni za England huzihesabu njia hizi mbili miongoni mwa nne ambazo boila mpya ya kombi sharti iwe na mojawapo.

Tahadhari moja. Si kila themostati inayotii simu ya mkononi ina akili hiyo. Nyingi bado husema washa na zima, ila kwa mbwembwe. Fundi aulizwe kama chombo na boila vinaelewana kwa lugha ya OpenTherm au ya mtengenezaji wake.

Na kabla ya kununua chochote, kitufe cha boila ya kombi chaweza kushushwa leo hadi 55, bure. Penye tangi la maji ya moto, fundi kwanza, kwani maji ya tangini huhitaji nyuzi 60 ili vijidudu visizaliane.

Ama kuzima mchana kutwa, nyumba ikiwa tupu ni sawa. Nyumba ile si tupu, mna mama. Shirika la Afya Duniani hushauri nyuzi 18 ziwe kima cha chini ndani ya nyumba wakati wa baridi, na wazee huenda wakahitaji zaidi. Tulimwambia kijana hivyo bila kupamba maneno. Ameshusha kitufe, boila haizimwi tena mama akiwamo. Kuhusu fedha za nyumbani, tumekubaliana tungoje bili ijayo.