Msizike sintaksia bado

Haya wasomaji wangu, leo nina ugomvi na wenzangu tunaoandika programu. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, wimbo wao ni mmoja: Chomsky kwisha, sarufi ya nini tena, mwaga data na mashine itajifunza yenyewe. Mimi nasema hapana.

Kwanza tukumbuke deni. Mwaka 1956 Noam Chomsky alizipanga sarufi kwa ngazi, kulingana na nguvu zake. Maumbo ya ALGOL 60 yalielezwa kwa sarufi ya mojawapo ya ngazi hizo, na kompaila nyingi bado husoma programu kwa njia hiyo. Kwa hivyo mnaomcheka, mnamcheka mkiwa mmekalia kiti chake.

Pili, hebu tazama sentensi hii: "Funguo za gari la mwalimu zimepotea." Kitenzi kimechukua zi- ya funguo walioko mbali, kikawaruka gari na mwalimu. Hakuna anayehesabu maneno hapo, sote tunafuata muundo. Swali la sarufi zalishi ni hilo tu: muundo huo unatoka wapi? Tangu kitabu chake cha 1995 kuhusu Uminimalisti, Chomsky amezidi kupunguza kanuni, hadi kitendo kikuu kikawa kimoja: unganisha vitu viwili viwe kimoja, kisha rudia. Mwaka 2023 yeye na wenzake walitoa kitabu kingine wakilisukuma wazo hilo mbele zaidi. Mtu wa programu anapaswa kulipenda.

Sasa, wapinzani wana hoja, sikatai. Mwaka 2023 Steven Piantadosi aliandika kwamba modeli za lugha zimeuangusha mtazamo wa Chomsky. Mwaka huo huo Chomsky na wenzake wawili walidai katika New York Times kwamba mashine hizi hujifunza lugha zinazowezekana na zisizowezekana bila kutofautisha. Mwaka 2024 Julie Kallini na wenzake wakajaribu. Walikivuruga Kiingereza kwa makusudi, wakaifundisha GPT-2, nayo ikapata taabu zaidi kwenye lugha zilizovurugwa. Hapo Chomsky alifungwa bao. Lakini bao moja si mazishi, na swali lenyewe lililojaribiwa lilitoka kwa wanasintaksia.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. GPT-3 ya 2020 ilifunzwa kwa takriban tokeni bilioni 300, yaani vipande vya maneno. Nani atatupatia hizo kwa Kibukusu cha Bungoma? Na mtoto wa Bungoma anakijua Kibukusu vizuri bila hata sehemu ndogo ya hizo.

Tena Kibukusu si lugha ya kupuuzwa. "Kwamba" yetu ya Kiswahili haibadiliki. Yao hubadilika kufuata aliyesema: mimi nikisema ni ndi, yeye akisema ni ali, wao wakisema ni bali. Nadharia ya upatanisho aliyoitoa Chomsky kuanzia 2000 ilisema neno linalotafuta mwenzake huangalia chini katika muundo wa sentensi. Neno hili la Kibukusu linaonekana kuangalia juu! Michael Diercks alichapisha uchambuzi wake mwaka 2013, na wananadharia walilazimika kujieleza.

Jambo hilo lilijulikanaje? Si kwa lundo la maandishi. Ni kwa kuketi na wasemaji na kuwauliza: hivi yasemeka, hivi je? Sentensi ambayo msemaji anaikataa huwezi kuikuta kwenye data yoyote, kwa sababu hakuna anayeiandika. Hiyo ndiyo kazi ya mwanasintaksia, na hakuna seva itakayoifanya kwa niaba yetu.

Nanyi wanasintaksia msichekelee. Nadharia zenu nyingi zimebaki michoro ya miti kwenye karatasi. Ziandikeni kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuziendesha, tuone zinavunjika wapi.

Kiingereza kinaweza kumudu kuitupa sarufi, kina maandishi ya kumwaga. Sisi hatuna anasa hiyo. Anayetaka kutengeneza kisahihishi cha tahajia au mfasiri wa lugha ya nyumbani kwao aanze na kanuni zake, data itafuata. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Anayepinga alete hoja, sio kelele.