Mtoto Kiziwi na Darasa Lisilo na Lugha

Makala tatu katika toleo hili zinataka shule maalumu zifungwe, na kila mtoto mwenye ulemavu asome shule ya jirani na kwao. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu ninakubali bila kusita. Jengeni njia za mteremko, rekebisheni vyoo, asome na ndugu zake. Kwa mtoto kiziwi ninakataa.

Waandishi wote watatu wanaegemea Tamko la Salamanca la mwaka 1994 kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu. Hakuna aliyegusa aya ya 21 ya mwongozo wa utekelezaji ulioambatana nalo. Humo imeandikwa wazi kuwa, kwa sababu ya mahitaji yao ya mawasiliano, viziwi na viziwi wasioona huenda wakafaa zaidi kusomeshwa katika shule maalumu, au katika madarasa na vitengo maalumu ndani ya shule za kawaida. Anayetumia Salamanca kufunga shule za viziwi aisome yote.

Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Lugha ya alama hawaikuti nyumbani. Wanaipata kwa viziwi wenzao, hasa bwenini. Mkutano wa elimu ya viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 uliipa kipaumbele mbinu ya midomo na sauti, na walimu kwa miaka mingi wakawazuia wanafunzi kutumia mikono. Usiku bwenini, wakubwa waliwafundisha wadogo. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulikuja kuyakataa maazimio hayo Vancouver mwaka 2010, baada ya miaka 130. Sasa tunataka kuwatawanya watoto hawa mmoja mmoja katika madarasa ya watoto themanini, mbele ya mwalimu asiyejua alama hata moja. Mtoto atanakili ubaoni kwa hati safi asichokielewa, daftari litapigwa vema, na taarifa ya wilaya itamhesabu kuwa amejumuishwa.

Sitetei shule maalumu kama zilivyo. Nyingi hupokea walimu wanaojifunza alama kwa wanafunzi wao wenyewe, na hilo ni dhuluma. Katiba ya Uganda ya 1995 na ya Kenya ya 2010 zote zimeitaja lugha ya alama. Kinachokosekana ni mwalimu, na zaidi ya yote mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Kwa nini vyuo vyetu vinawapokea wachache hivyo? Hakuna makala iliyouliza, nami ninaomba zinazouliza hivyo ziletwe.

Kuhusu makala nyingine za toleo hili, uchambuzi wa vituo vya upimaji wa watoto wenye ulemavu vilivyoanza Kenya mwaka 1984 ni wa makini, na maafisa elimu wausome. Makala ya usonji ni fupi mno kwa uzito wa jambo lenyewe. Ya mashine za nukta nundu zinazolala stoo kwa kukosa fundi ingeweza kuandikwa miaka ishirini iliyopita bila kubadilishwa neno, na ndiyo maana tumeichapa.